Glavu za Maziko ya Mzee Hadley

Jeneza lilikuwa limeshavuka kizingiti, na sisi sita tuliolibeba tulikuwa tumeshashika njia ya makaburini, nilipogundua kwamba watu waliosimama pembeni hawamwangalii marehemu. Walikuwa wanaangalia mikono yetu.

Tulikuwa tumevaa glavu nyeupe, laini, zenye mshono mdogo usioonekana mpaka uusogeze karibu na jicho. Mjini Wenford, kama ilivyokuwa katika koloni zima la Massachusetts, mtu akifa nyumba yake inawapelekea glavu wale inaotaka wambebe. Hakuna anayekuja mlangoni kukuomba. Unaletewa glavu, basi umeshaambiwa. Usipoletewa, unatembea nyuma na umati, na kila mtu anajua kwamba ulifikiriwa ukaachwa. Nimewahi kuwaona ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka saba kwa sababu ya glavu.

Mimi nilikuwa mbele, upande wa kushoto. Jina langu Jabez Lunt, na katika miaka yangu thelathini na minne hilo lilikuwa jeneza la kwanza mtu kunipa nibebe. Miji mitatu ilikuwa imeshaniondoa kabla ya hapo. Kwetu, mgeni asiye na shamba wala ukoo akikaa mahali, konstebo anamletea karatasi ya kumwambia ahame kabla hajaugua na kuwa mzigo wa mji. Karatasi hizo nilikuwa nazo tatu. Wenford nilikuwa nimemaliza miaka minne bila kuletewa, kwa sababu moja tu: mzee Giles Hadley, mshona glavu, alinipa kiti katika karakana yake, akawaambia wakuu wa mji, "Huyu ni wangu." Sasa mzee Hadley ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Nilichokitaka siku ile ni kitu kimoja. Watu wanione nimembeba, waniache nikae.

"Hebu ziangalie," mwanamke mmoja akasema, sauti juu makusudi. "Nyeupe kama shingo ya gavana."

"Za Kiingereza hizo, shoga," mwenzake akajibu. "Na mwezi wa nane si wote tulitia sahihi?"

Kuhusu sahihi hawakukosea. Miaka miwili kabla ya hapo, Bunge la Uingereza, ambako hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupeleka mjumbe hata mmoja, lilituwekea kodi kwenye karatasi, vioo, rangi, madini ya risasi na chai. Kodi yenyewe haikuwa ya kumliza mtu. Mimi karatasi nilikuwa sinunui, na chai ilikuwa inanipa kiungulia. Nilielewa ubaya wake kwa kusikiliza mabishano ya karakanani, kati ya mzee Hadley na Eliphalet Cobb, fundi mapipa wa jirani, mtu wa mabega mapana na mdomo mpana zaidi.

"Mzee, wewe umezaliwa kwao," Cobb alikuwa akimwambia. "Hebu tuambie. Wanatuonaje wale?"

"Hawakuoni kabisa, Eliphalet. Ndiyo shida yenyewe."

"Peni tatu kwenye ratili ya chai, watu wanapiga kelele kama wamechomwa moto!"

"Mtu akiniomba peni tatu nampa sita," mzee akasema. " Akiingiza mkono mfukoni mwangu nikiwa nimesimama namwangalia, hata peni moja siitaki itoke. Leo kachukua peni. Kesho akitaka koti, nitamwambia nini? Kwamba la koti hukuniuliza?"

Halafu Cobb alikuwa akirudia habari ya binamu yake, aliyekamatwa na watu wa forodha akiwa na mashua ya molasi, ule uji mzito wa miwa, aliyoiingiza bila kulipa ushuru. Alipelekwa mbele ya hakimu mmoja, peke yake, bila wale watu kumi na wawili wa mjini ambao sisi tumezoea wakae na kusikiliza kesi ya mwenzao. Na mshahara wa hakimu ulikuwa unatoka kwenye faini.

"Ungekuwa wewe, mzee, ungehukumiwaje pale?"

"Haraka," akasema mzee Hadley, akakata uzi kwa meno.

Basi Agosti ya mwaka huo, 1769, mkutano wa mji ukakubaliana kwamba hatununui wala hatutumii kitu cha Kiingereza mpaka kodi ziondoke. Glavu hazikuwa na kodi. Lakini zilitoka kule, na hakuna kitu kilichokuwa kinaletwa kwa wingi kama glavu za maziko. Zikakatazwa kwa jina. Atakayezivaa ataandikwa katika gazeti la Boston kuwa ni adui wa nchi, na watu wasimuuzie, wasinunue kwake, wasimwamkie. Mzee Hadley alikuwa wa pili kutia sahihi. Kusimamia jambo hilo wakachaguliwa watu saba, kamati, na mkubwa wao akawa Bwana Asahel Noyes, mwenye duka. Yeye glavu za Kiingereza alikuwa ameziuza miaka ishirini, na sasa rafu zake zilikuwa nusu tupu. Sisemi kwamba yeye hakupoteza kitu. Alipoteza.

Hapo mzee akaugua.

Ndani ya kasha lake kulikuwa na jozi sita za glavu nyeupe. Baba yake, mshona glavu wa mji wa Worcester huko Uingereza, alizishona kwa mkono wake akampa siku alipopanda meli akiwa na miaka kumi na tisa, ili siku ya kufa asizikwe kama mbwa wa porini. Alikuwa amezitunza miaka arobaini na minne, na kafuri ndani yake. Katika homa ile alisahau kodi, alisahau mkutano, alisahau sahihi yake. Kila asubuhi aliuliza, "Glavu za baba zipo?" Na binti yake, Mehitabel, alijibu, "Zipo, baba. Utazikwa nazo."

Mehitabel alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini hivi, asiyeolewa, mwepesi wa sindano kuliko mimi. Siku moja aliweka kazi chini akaniambia:

"Nimemwahidi, Jabez. Na yeye mwenyewe ametia sahihi kwamba hatafanya. Sasa nimtii Hadley yupi?"

"Kondoo wa Zadok Plumer wana ngozi nzuri mwaka huu," nikasema.

Alinielewa hapo hapo. Nilinunua ngozi kumi na mbili za wanakondoo. Tulizilainisha kwa shabu, unga na viini vya mayai, dazeni nne za mayai, tukazivuta na kuzisugua mpaka zikawa nyeupe na nyepesi kama utando wa maziwa. Nilizikata kwa kielelezo cha zile za kasha, dole gumba lile lile, nikashona mshono wa Worcester ambao mzee alinifundisha kwa miaka minne na mimi nikadhani hautanifaa, maana kazi yetu ya kila siku ilikuwa glavu za ngozi ya paa kwa wakata miti. Jozi sita. Zilipokwisha nililaza moja yangu kando ya moja ya zamani, nikamwita Mehitabel achague ipi ni ya babu yake.

Akachagua yangu.

Nilicheka kama mjinga. Na kosa langu lilianzia hapo.

"Tuwaambie watu mapema," akasema.

"Tuwaambie nini? Waache wavae. Mzee akishashuka kaburini, Mchungaji Fenn atatangaza kwamba hizo ni kondoo wa Wenford. Nataka nimwone Noyes atakavyotumbua macho."

"Hii si sherehe, Jabez."

"Kwani mzee angekataa?"

Akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile, na mimi nikalichukua tabasamu kuwa ndiyo. Siku mbili baadaye baba yake alikata roho. Kabla kifuniko hakijapigiliwa, Mehitabel alizichukua zile jozi sita za Worcester akaziweka chini ya mikono ya baba yake iliyokunjwa. Ahadi ikatimia. Tulioona tulikuwa wawili tu.

Kwa hiyo wenzangu watano waliobeba jeneza hawakujua. Waliletewa glavu, wakadhani ni za Kiingereza, na wakavaa hivyo hivyo kwa heshima ya mzee. Cobb aliniambia uani, "Nimevaa kwa ajili yake. Noyes akifungua mdomo, namtia ndani ya pipa napigilia kifuniko." Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia. Nilikuwa naihifadhi furaha yangu.

Tulipofika kwenye pembe ya duka la Noyes, tulimkuta amesimama na watu wanne wa kamati, katikati ya barabara. Alivua kofia kwa ajili ya marehemu. Halafu akasema, taratibu:

"Vueni hizo."

"Bwana Noyes, tuna maiti begani," Cobb akasema.

"Maiti namheshimu. Naongea na mikono yenu. Anayepita hapa nazo, jina lake linakwenda Boston."

Jeneza likayumba. Mwalimu wa shule, aliyekuwa nyuma yangu, alikuwa anavuta glavu yake kwa meno. Kisha mwingine. Zikawa zinaanguka kwenye tope, moja baada ya moja. Cobb akavua mwisho, na hakuniangalia.

"Vua, ndugu yangu," akanong'ona. "Mzee ameshakwenda. Sisi ndio tunaobaki hapa."

"Hizi si za Kiingereza," nikasema kwa sauti. "Nimeshona mimi."

"Na mimi ndiye niliyejenga daraja la London!" mtu akapiga kelele huko nyuma, na watu wakacheka, kwenye maziko, mbele ya Mehitabel.

Sikuvua. Nilipita nazo. Makaburini, Mchungaji Fenn, ambaye nilikuwa nimemwandikia maneno machache ya kutangaza, alimtazama Noyes, akaomba sala ndefu, akafunga Biblia, akasema upepo umekuwa mkali, kila mtu awahi nyumbani.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, niliitwa kwenye chumba cha juu cha baa ya mjane Pettingell, ambako kamati ilikuwa inakaa. Harufu ya samaki wa chumvi na pombe ya tufaha ilikuwa inapanda kwenye ngazi. Saba walikuwa upande mmoja wa meza. Juu ya meza kulikuwa na glavu moja, imeoshwa tope. Cobb alisimama mlangoni na watu wengine waliokuja kuangalia.

Noyes aliisugua glavu kwa vidole viwili, akainusa.

"Miaka ishirini nimeuza hizi. Huyu ni mbuzi mchanga wa Worcester. Mshono wa Worcester. Dole gumba la Worcester."

"Mzee Hadley alitoka Worcester. Ndiye aliyenifundisha."

"Mzee Hadley alikuwa anashonea wakata miti. Hajawahi kutoa kitu kama hiki hata siku moja."

"Mimi nimetoa."

"Wewe," akasema, na akaziangalia buti zangu.

Wakamwita Zadok Plumer, mwenye kondoo. Alikuja akiwa bado na matope ya zizini.

"Uliniuzia ngozi kumi na mbili, Zadok. Waambie."

"Nilimuuzia, ndiyo. Alichozifanyia sijui. Huenda amezila." Watu wakacheka, naye akapata moyo. "Mimi jina langu kwenye gazeti sitaki, mabwana. Nina watoto tisa."

"Na mayai!" mmoja wa kamati akadakia. "Mke wangu anasema Bi Mehitabel alinunua dazeni nne. Mlikuwa mnamwokea nani keki, nyinyi wawili?"

Hiyo ilichekwa zaidi. Kusema kweli, hata mimi ningekuwa upande ule wa meza nisingeamini. Nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho sifa yake yote ni kwamba huwezi kukitofautisha, na sasa nilikuwa naomba kitofautishwe.

"Basi naomba jambo moja," nikasema. "Watu kumi na wawili wa mji huu, kwa kiapo, wakae wanisikilize."

Kicheko kikakatika.

"Hapa si mahakamani, Lunt," akasema Noyes.

"Ndiyo maana naomba."

"Kamati inakusikiliza."

"Kamati iliamua jana barabarani."

"Hilo ni kweli, Asahel," Cobb akasema kutoka mlangoni. Sauti yake ilitoka ndogo mpaka nikageuka kuhakikisha ni yeye.

"Unataka jina lako likae chini ya lake, Eliphalet?"

Cobb akaanza kukagua ukingo wa kofia yake.

Lazima niseme haki ya Noyes pia. Hakuwa anafurahia. Aliinama juu ya meza, akaongea nami kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Askari wa Mfalme wako Boston, unalijua hilo. Wana mizinga. Wana mahakama zao, wana meli, wana watu wa forodha. Sisi tuna nini? Tuna kitu kimoja, kwamba tumekataa wote. Siyo wengi, wote. Nikikuachia wewe leo kwa maneno yako matupu, kesho kila mwenye glavu kabatini atakuja na hadithi ya kondoo. Nifanyeje? Hebu niambie wewe."

Nimetembea nchi nzima tangu siku ile na mpaka leo sijapata la kumwambia, na ndilo linalonisumbua.

Hapo watu mlangoni wakasogea, na Mehitabel akaingia. Wanawake walikuwa hawaitwi kule juu.

"Za Kiingereza zipo," akasema. "Jozi sita, alizoshona babu. Mkizipata hizo, mtajua kwamba za barabarani ni za Jabez."

"Ziko wapi, Bi Mehitabel?"

"Ziko na baba."

"Nakuuliza ziko wapi."

"Nimekujibu. Ziko na baba."

Wakaangaliana, mpaka wakaelewa kwamba yuko nazo kaburini. Halafu mmoja wao, yule wa mayai, akasema, "Basi pafunguliwe," na alipokwisha kusema nikaona angependa kuyarudisha maneno mdomoni. Lakini yalikuwa yameshatoka, na hakuna aliyetaka kuonekana ameyaogopa. Noyes aliigeuza ile glavu juu ya meza.

"Mashahidi watatu," akasema mwishoni. "Kesho asubuhi, pamoja na Mchungaji. Zikiwepo, Lunt yuko safi na mimi mwenyewe nitamwomba radhi kanisani." Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Au atie sahihi hii, tusimguse mtu."

Nilijifunza kusoma vipande vipande, kwa mwenye nyumba huyu na yule, kwa hiyo ilinichukua muda. Iliandikwa kwamba mimi Jabez Lunt, kwa ujinga na kiburi, nimevaa bidhaa za Kiingereza kinyume cha makubaliano ya nchi yangu, kwamba najuta, kwamba glavu zichomwe hadharani, na kwamba naomba wananchi wenzangu wanipokee tena.

"Akitia sahihi anakaa?" nikauliza.

"Anakaa. Hakuna konstebo atakayekuja. Nakupa neno langu."

"Fungueni kaburi," akasema Mehitabel. "Baba alikuwa mtu wa ukweli. Hatachukia."

Sauti yake ilikuwa imara. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika aproni na kuisokota, na alikuwa anaisokota upande mmoja tu, bila kuiachia, kama mtu anayekamua nguo. Nikafikiria asubuhi, baridi, sepetu, wale wanaume wanaong'oa kifuniko mbele yake, siku ya tatu. Nikafikiria mikono ya mzee ikiinuliwa na Asahel Noyes kutafuta kilicho chini yake. Nikachukua kalamu.

"Jabez, usi..."

Nikatia sahihi.

"Mwache mzee alale," nikamwambia.

Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia.

"Nimesema wafungue. Baba ni wangu. Umesikia nimesema wafungue?"

"Nimesikia. Nilifikiri ni bora..."

"Ulifikiri. Na kwenye kutangaza ulifikiri. Hata wewe hukuniuliza."

Akashuka ngazi. Watu wa kamati wakaanza kutafuta kofia zao. Noyes alinipa mkono, na mimi nikaupokea, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mkono wangu.

Glavu zilichomwa siku iliyofuata saa nne asubuhi mbele ya kanisa, zote jozi sita, pamoja na zile nilizokuwa nimevaa. Ngozi haiungui vizuri. Inajikunja kwanza, vidole vinafunga kama mtu anayeshika kitu, halafu inanuka kama nywele. Mtu akapiga kelele, "Uhuru!" na wengine wakaitikia. Ilikuwa ngozi ya Wenford na mayai ya Wenford na kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na tuliichoma kwa sababu ya kuwa ya Uingereza.

Jina langu lilitoka katika gazeti la Boston wiki iliyofuata, na maungamo yangu chini yake. Noyes alitimiza neno lake. Konstebo hakuja. Watu walinisalimia. Waliniuzia mkate na maharage kama kawaida. Mehitabel aliniachia kiti changu karakanani, akaongea nami habari za uzi, za ngozi na za sindano, na si zaidi ya hapo.

Mwezi wa kwanza mama yake Cobb akafariki. Familia iliagiza jozi sita za glavu za ngozi ya paa, za nchini, kwetu karakanani. Nilizikata mimi, nikazishona mimi, nikazifunga kwa utepe. Cobb alikuja kuzichukua mwenyewe. Nilingoja aniachie jozi moja mezani. Alizihesabu zote, akazitia ndani ya koti.

"Si mimi, Jabez," akasema. "Ni ukoo. Wanasema jina lako limeshatoka."

"Nimeelewa."

"Ungewaacha wafukue. Yangekwisha."

"Ungewashikia sepetu?"

Aliangalia kiti cha mzee, akatoka.

Nilitembea nyuma na umati siku ile ya maziko. Theluji ilikuwa inafika magotini. Nilifika makaburini, nikaona watu wananipa nafasi kubwa kuliko niliyohitaji, na nikajua kwamba kukaa nimeruhusiwa lakini mahali sina. Machi barabara zilipokauka niliufunga mzigo wangu. Hakuna aliyeniletea karatasi. Mehitabel alinipa kisu cha mzee cha kukatia, akasema nisikitie maji, akarudi ndani kabla sijafika getini.

Mwaka huo huo Bunge likaondoa kodi zote isipokuwa ya chai. Kabla ya Krismasi yale makubaliano yalikuwa yameshavunjika kila mahali, na nilisikia kwamba glavu za Kiingereza zimerudi kwenye dirisha la Noyes. Halafu ikaja habari ya chai, halafu wanajeshi wengi zaidi, halafu vita, na tulipomaliza tulikuwa hatuna Mfalme.

Eliphalet Cobb aliuawa Juni 1775 kwenye kilima cha Charlestown. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mwili wake haukuletwa nyumbani.

Zadok Plumer alipoteza kondoo wote, waliliwa na jeshi letu wenyewe majira ya baridi yaliyofuata. Alihamia New Hampshire na watoto saba kati ya tisa.

Mchungaji Fenn alikufa kwa ndui mwaka 1778.

Asahel Noyes aliliuzia jeshi mablanketi, akachaguliwa mara mbili katika baraza la jimbo, ambako nasikia alisema kwa nguvu kwamba hakuna mtu ahukumiwe bila watu kumi na wawili. Alikufa kitandani mwaka 1793.

Mehitabel Hadley aliendelea na karakana peke yake. Alishona glavu za maofisa wakati wa vita, nyeupe, na watu walizisifia. Mwaka 1782 aliolewa na mshona matanga. Aliniandikia barua moja, kuuliza kiasi cha shabu kwa ngozi ya mwanakondoo. Nilimjibu. Alifariki miaka tisa baadaye.

Mimi nilifuatana na jeshi miaka mitatu nikishona hatamu na mikoba ya baruti. Hakuna aliyeniuliza kuhusu gazeti. Baada ya vita nilikaa Albany, halafu Bennington, halafu sehemu mbili ambazo hazikuwa na jina. Nilioa, mke wangu amefariki. Sasa naishi kwa mpwa wake, karibu na kinu cha maji, na mkono wa kulia hauwezi tena kushika sindano.